Hodi Chini ya Boneti

Jumatatu asubuhi Wilkista alimtoa kuku wa mwisho ndani ya Pijo la marehemu mumewe, akaokota mayai aliyoyakuta kwenye kiti cha nyuma, akayafunga kwenye pindo la leso, kisha akakifuta kile kiti kwa maji ya sabuni. Kuku aliondoka kwa manung'uniko marefu. Alianguliwa humo garini, akakulia humo, na maisha yake yote hakuwahi kuambiwa kwamba lile lilikuwa gari.

Lilikuwa gari la rangi ya maziwa, lenye mgongo mrefu na viti safu tatu, aina ile iliyobeba nusu ya maharusi na wagonjwa wa Kabuchai kabla ya pikipiki kujaa. Lilisimama chini ya mparachichi, kando ya ghala la mahindi, na nyasi zilikuwa zimelifika kwenye vitasa vya milango. Walubengo alilinunua alipokuwa dereva wa shamba la mbegu huko Kitale, akastaafu nalo, akarudi nalo nyumbani, na hapakuwa na mtu aliyemjia na shida akaambiwa gari haliendi. Mtu alibisha hodi, Walubengo au mkewe akavaa koti, safari ikaanza. Wilkista alikuwa na leseni yake mwenyewe. Kusema kweli, aliendesha vizuri kuliko mumewe, ila hilo walikubaliana lisitoke nje ya nyumba.

Walubengo alifariki mwaka ule wa barakoa. Alizikwa haraka haraka na watu waliovaa nguo nyeupe za plastiki, hata chai haijachemka. Kwa desturi ya Wabukusu, mtu mzima akishazikwa ukoo hukaa: wazee huketi uani, marehemu akazungumzwa, na vitu vyake vikajulikana vinakwenda kwa nani. Lakini mwaka ule kukaa kulikuwa kumekatazwa na serikali. Kwa hiyo Bramwel, mdogo wake marehemu, afisa mstaafu wa mifugo ambaye boma lake lilipakana na la Wilkista, aliutia ufunguo mfukoni akasema gari lisiguswe mpaka ukoo ukae.

Barakoa zilitoka, ukoo haukukaa. Mara watu wanapanda, mara wanapalilia, mara fulani hajapata likizo Nairobi. Gari likangoja, Wilkista akatembea kwa miguu. Watu waliozoea kubisha hodi pale walifika na shida zao, wakaelekezwa kwa Bramwel, na Bramwel, bila hasira yoyote, aliwaeleza habari za desturi.

Sasa hatimaye makumbusho ya marehemu yalikuwa yamepangwa. Jumamosi ukoo ungekaa, hema lilikwisha kuagizwa na fahali alikuwa amefungwa nyuma ya nyumba akila kama mgeni rasmi. Wilkista alilitaka gari lile, na hakuona haya kulitaka. Alitaka wazee wakifika wakute linanguruma na yeye ameshika usukani, maana kitu kikionekana kina mwenyewe, watu huona aibu kuuliza ni cha nani. Ndipo akampigia simu Nduta.

Nduta alikuwa fundi wa magari Kitale, binti ya mzee Ngari, ambaye ndiye aliyelitunza Pijo lile tangu lilipokuwa na meno ya maziwa. Ngari alikuwa amestaafu kwa ajili ya magoti, na gereji ilikuwa mikononi mwa bintiye. Alishuka Chwele na sanduku lake la spana, akapanda pikipiki, akafika Kabuchai kabla umande haujakauka. Alikuwa mwanamke mnene mwenye kicheko cha karibu, na shingoni alikuwa amening'iniza ufunguo kwenye kamba ya kiatu.

"Ufunguo iko na Bramwel," Wilkista alimwambia.

"Ya pili nayo?" Nduta aliinua ile kamba. "Mzee Walubengo aliachia baba hii. Imekaa kwa msumari pale gereji miaka yote. Baba akasema, peleka hiyo kitu kwa mwenyewe."

Nduta aliweka betri mpya, akamwaga petroli iliyochacha, akatia nyingine, akatoa kiota cha panya kwenye chujio la hewa na kukiweka kando kwa heshima, kwa kuwa kilikuwa na watoto. Kisha akawasha. Gari lilikohoa, likapiga chafya, likatoa moshi wa buluu uliopanda mpaka kwenye maparachichi, likakubali. Wilkista alipiga vigelegele. Hapo ndipo waliposikia kugongagonga. Chini ya boneti kitu kilikuwa kinagonga, ko ko ko ko, vyuma vingi kwa pamoja, mfano wa wanawake wengi wakipasua karanga.

Bramwel alikuja upesi, akipitia kwenye tundu la ua, mswaki mdomoni.

"Mulamwa," alimwambia Wilkista, kama shemeji wanavyoitana huko, "unasikia hiyo gali?"

"Nasikia, mulamwa."

"Hiyo ni Walubengo. Anakataa." Alitema povu kando, kwa adabu. "Mimi sina ubaya. Kama siku ya makumbusho itakuwa imenyamaza, endesha, hata uende Mombasa. Lakini kama itakuwa inagonga, basi marehemu amesema hapana, na nitaiweka kwangu. Hiyo ni haki ama si haki?"

Wilkista alisema ni haki, kwa kuwa fundi alikuwa pale na spana zake. Bramwel akarudi kwake kumalizia meno.

"Si marehemu," Nduta alisema boma lilipotulia. "Hizi ni tapeti, Mama. Gari ikilala sana, oili yote inashuka chini, huku juu kunabaki kukavu. Vyuma vinagongana. Usiogope, hii tutaimaliza."

Alimwaga oili ya zamani, ikatoka nyeusi na nzito, akabadilisha chujio lake, akatia oili mpya, akaliacha gari lingurume taratibu ili mafuta yapande. Sauti kadhaa zikanyamaza zenyewe. Baada ya chakula alifungua kifuniko cha juu cha injini, akapima nafasi kati ya vyuma kwa bati jembamba, akakaza hapa, akalegeza pale, huku Wilkista akimshikia bakuli la skrubu na kumsimulia habari za watu wa Kabuchai ambao Nduta hakuwafahamu. Walipowasha tena, kelele zilikuwa zimepungua sana. Lakini zilizobaki zilikuwa safi kabisa. Tatu, kisha kimya. Tatu, kisha kimya.

Nduta alichukua bisibisi ndefu, akaweka ncha kwenye injini na mpini sikioni, wafanyavyo mafundi, akahamahama nayo. Alisikiliza kwa muda. Kisha akafuta mikono.

"Hizi zingine si tapeti," alisema. "Hizi ni watu. Wanabisha."

"Wako wangapi?"

"Wengi kiasi. Kuna mmoja ako na kuku."

Wilkista alifikiri kidogo. Kwao Kabuchai, mtu hawezi kuachwa mlangoni anabisha, awe nani, hata kama ugali uliopo ni wa kuwatosha watoto tu. Alipangusa mikono kwenye leso, akaiinamia injini na kusema, "Karibu."

Mlango wa nyuma ulifunguka, na mzee mmoja aliyeshika jogoo kwapani akapanda, akaketi, akaufunga taratibu ili usipige kelele. Wilkista alimjua. Alikuwa mzee wa kule mtoni aliyetaka kwenda Matulo kwa wakwe zake, mwaka wa pili wa barakoa, kumaliza ugomvi uliodumu tangu harusi. Aliomba gari, Bramwel akamweleza desturi. Kisha mzee alifariki, ugomvi ukabaki mzima.

"Mulembe, Mayi," alisalimu. "Tunaweza kwenda? Huyu jogoo amechoka kungoja."

Basi wakaenda. Wilkista alishika usukani, Nduta akaketi kando yake ili aisikilize injini, na Pijo likazivuka nyasi zake kwa kishindo. Matulo walipokelewa vizuri. Wakwe walishangazwa tu na kwamba mzee hakupiga simu kwanza. Jogoo alichinjwa, firigisi akapewa mkubwa wa nyumba, ugomvi ukazungumzwa ukaisha, na lililosalia la kulalamikiwa lilikuwa mchuzi, uliokuwa mwepesi. Waliporudi kwenye gari na kuwasha, Nduta aliweka bisibisi sikioni.

"Moja imetoka," alisema.

Wiki ile ilikuwa wiki nzuri. Wilkista aliamka na kuvaa koti la mumewe, akaitika hodi moja baada ya nyingine, na boma lake likarudia hali yake ya zamani, watu wakingojea kwenye benchi na birika la chai likizunguka. Si wote waliokuwa marehemu. Jumanne aliingia Pauline, msichana mwembamba mwenye bahasha ya vyeti, aliyepaswa kwenda Kibabii kwenye mahojiano ya kazi siku ambayo mvua ilifanya barabara kuwa uji na pikipiki zote zikakataa. Pauline mwenyewe yu hai, sasa ni mama mnene anayeuza nyanya Chwele. Pijo lilipopita sokoni, Pauline wa nyanya aliinua kichwa, akamwona Pauline wa vyeti dirishani, akampungia mkono. "Kaza hiyo kola!" alimpigia kelele. Pauline wa vyeti akaikaza, akaingia kwenye mahojiano, akapata kazi. Anaifanya mpaka leo. Mwisho wa mwezi hushuka Chwele kununua nyanya kwa yule mwenzake, wala hapunguziwi bei.

Alhamisi ilikuwa zamu ya kwaya. Kanisa lilikuwa limealikwa mashindano Kitale, gari la kukodi likaharibikia njiani, na Bramwel, ambaye alikuwa mzee wa kanisa lile lile, alisikitika nao sana lakini hakutoa ufunguo. Sasa waliingia wote, sauti ya kwanza mpaka besi, na bado palibaki nafasi ya viatu. Waimbaji wenyewe siku ile walikuwa mashambani wakivuna maharagwe. Iliyopanda gari ilikuwa safari yao tu, imevaa joho. Iliimba kutoka Kimilili mpaka Kitale bila kupumzika, na Nduta, ambaye hakuyajua maneno, aliitikia kwa kupiga dashibodi. Ukumbi walioalikwa ulikuwa mtupu, mashindano yakiwa yamepita zamani. Waliimba hivyo hivyo. Bibi aliyekuwa akifagia aliegemea ufagio, akasikiliza nyimbo zote, akawapa namba mbili.

"Namba moja ni nani?" Wilkista aliuliza.

"Walikuja mwaka huo," alisema yule bibi. "Walikuwa wazuri pia. Siwezi danganya."

Walipitia gereji ya Nduta, na mzee Ngari akatolewa nje kwenye kiti ili alione gari. Aliomba boneti ifunguliwe, akasikiliza, akatikisa kichwa kwa kuridhika. "Imebaki moja," alisema kwa Kiswahili chake cha Nyeri. "Hiyo moja inagonga polepole. Msiikimbize."

Wilkista alikwisha kuisikia. Aliisikia tangu Jumatatu, chini ya zile nyingine, na alijua ni ya nani, na kila asubuhi aliitika nyingine kwanza. Alikuwa akiiogopa. Ijumaa haikubaki nyingine. Alisimama mbele ya gari, koti limefungwa vifungo vyote, akasema, "Karibu, mama."

Aliyeingia alikuwa Nasimiyu, mke wa Hesbon wa ng'ambo ya kijito. Alikuwa mjamzito wa kujifungua, amebeba beseni lenye nguo za mtoto na sabuni ya kipande. Alipatwa na uchungu mwaka ule wa barakoa, saa za kafyu, wakati pikipiki ziliogopa kutoka. Hesbon alikuja mbio mpaka kwa Wilkista, Wilkista akakimbia naye mpaka kwa Bramwel, akapiga magoti yeye, mtu mzima, kwenye sebule ya shemejiye. Bramwel alishika kichwa. Alisema jambo lile linamuumiza sana. Alisema kama ukoo ungekuwa umekaa. Nasimiyu alifia kwenye mkokoteni wa ng'ombe kabla hawajafika lami, na mtoto akiwa ndani. Wilkista ndiye aliyekuwa ameshika taa. Tangu siku ile hakuwahi kula kwenye nyumba ya Bramwel, ingawa alimsalimia kila siku, kwa kuwa jirani ni jirani.

"Shikamoo, Mayi," alisema Nasimiyu. "Naona imepatikana."

"Imepatikana," alisema Wilkista.

Hesbon alikuwa ameisikia injini kutoka ng'ambo. Alifika na sweta ya mkewe mkononi, akaingia nyuma, akamvisha, akamshika mkono. Wilkista aliendesha kama alivyoendesha enzi za ujana wake, akiikwepa mitaro ambayo siku zile haikuwepo, na trekta za miwa zikampisha. Wakafika hospitali mjini Bungoma jua likiwa bado juu. Nesi alimuuliza Nasimiyu jina, akauliza kama ni mimba ya kwanza, akampeleka ndani. Kitanda kilikuwepo. Kilikuwa pale siku zote, kimetandikwa shuka ya buluu, na hilo ndilo lililomtoa Wilkista machozi, kwamba kilikuwepo.

Mtoto alizaliwa salama, msichana, mwenye mapafu ya kwaya. Mama na mwana walikuwa wazima kadiri marehemu wanavyoweza kuwa wazima. Hesbon aliruhusiwa kumbeba bintiye mpaka saa za kuona wagonjwa zilipokwisha, kisha nesi akamwambia, kwa upole, kwamba sasa aende nyumbani. Alirudi garini na beseni tupu magotini. Njia nzima aliwaeleza Wilkista na Nduta vile mtoto alivyopiga mwayo. Alieleza mara nyingi, na kila mara mwayo ulikuwa mrefu zaidi. Alipofika kwake alikula ugali wote na kuomba mwingine, jambo ambalo majirani walilizungumza. Kaburi la Nasimiyu lilikuwa bado pale karibu na migomba, na nguo zake Hesbon alizifua mwenyewe kesho yake, kama kawaida.

Injini ikanyamaza. Si kunyamaza kabisa, maana gari ni gari, lakini ilinguruma kama paka aliyeshiba. Nduta aliweka bisibisi kila mahali, hakupata kitu. Alikunja mikono ya ovaroli akasema anangoja Jumamosi, kwa kuwa nyama ya makumbusho ya watu wa Bungoma amezisikia sifa zake.

Jumamosi watu walijaa. Padri alisema yake, wajukuu wakasoma, Walubengo akasifiwa hata kwa uendeshaji, na Wilkista akainama kuficha uso. Baada ya chakula ukoo ukakaa chini ya hema. Wilkista aliwasha Pijo, akashuka, akasimama kando yake amevaa gauni la zambarau. Bramwel alikuja, akainama mpaka sikio lake likakaribia boneti. Wazee wote walinyamaza ili asikie vizuri.

"Imenyamaza," alisema.

"Imenyamaza, mulamwa," alisema Wilkista, na moyo wake ulikuwa juu kabisa.

Bramwel alisimama wima, akawageukia wazee, machozi yakimlengalenga. Bramwel hakuwa mtu wa kuigiza. Alikuwa akilia kweli.

"Kaka yangu amekubali," alisema. "Miaka yote nilikuwa naogopa. Nilikuwa najua ananyima mimi hii gali. Sasa ameniachia. Amenyamaza."

"Uliniambia ikinyamaza nitaendesha," Wilkista alisema. Alilisema kwa sauti, mbele ya watu wote. "Ulisema ni haki."

"Nilisema, ndiyo. Lakini hapo ilikuwa makelele. Gali mbovu, mwanamke anaweza kuendesha, hakuna shida. Hii sasa ni nzima. Si itaharibika?"

Wazee walitazamana. Mkubwa wao alisema mama amefanya kazi nzuri sana ya kutengeneza, na ukoo unamshukuru, na apigiwe makofi. Akapigiwa. Kisha wakahamia habari ya shamba la miwa. Wilkista alisimama pale katikati ya makofi, na hasira aliyokuwa nayo ingeweza kuwasha gari lile bila betri. Alitamani kugeuza hema lile juu chini. Lakini palikuwa na wageni, na sufuria zilikuwa za kuazima.

Bramwel alikuwa na ufunguo wake, lakini hakujua kuendesha. Maisha yake yote alikuwa mtu wa baiskeli. Akamwomba Nduta amvushie gari mpaka kwake. Nduta alilipeleka, akalisimamisha mbele ya nyumba, Bramwel akalifunika turubai jipya, akalizunguka akilifunga kamba pembe zote. Kisha Nduta akarudi kupitia tundu la ua, akamkuta Wilkista jikoni akisugua sufuria kwa nguvu nyingi kuliko masizi yalivyohitaji.

"Mama," alisema, "kuna kitu nilisahau kurudisha Kitale."

Alivua ile kamba ya kiatu shingoni mwake, akamvisha. Wilkista aliutia ufunguo ndani ya gauni. Ulikuwa na joto. Wakaketi, wakala firigisi mbili ambazo Wilkista alikuwa amezificha wazee wasizione, na kabla hawajamaliza walikuwa wamekwisha kucheka.

Kiangazi kiliingia. Miwa ilikauka majani, vumbi likalala juu ya kila kitu, na juu ya turubai la Bramwel pia. Dereva ambaye Bramwel aliahidiwa kutoka Nairobi hakuja. Siku moja saa za mchana Wilkista alikuwa uani akipepeta maharagwe, na redio ikisema habari zake, aliposikia kutoka ng'ambo ya ua, ko ko ko. Kisha kimya. Ko ko ko. Aliizima redio. Gari lilikuwa limezimwa tangu makumbusho, lakini hilo halikumshughulisha, mtu hahitaji injini kubisha hodi.

Aliitika hapo hapo alipoketi, akaupita ua, akafungua kamba, akafunua turubai. Kwenye kiti cha nyuma alikuwa ameketi Fridah, mke wa mwanawe Bramwel, mikono juu ya tumbo, beseni kando yake. Wilkista aliingia nyumbani kwa Bramwel kwa mara ya kwanza tangu mwaka wa barakoa. Fridah alikuwa amelala kwenye mkeka sebuleni, jasho linamtoka, na Bramwel alikuwa ameshika simu mbili, moja kila sikio, akiomba gari kwa watu wasiokuwa nalo.

"Iko gari hapo nje, mulamwa," alisema Wilkista.

"Lakini nani ataiendesha?" Bramwel aliuliza, na aliuliza kwa dhati.

Wilkista alimwinua Fridah, akamshika kiuno, akamtoa nje na kumwingiza kwenye kiti kile kile ambapo tayari alikuwa ameketi. Fridah alijikalia vizuri, kama mtu anayevaa koti lake mwenyewe, na hapo hodi ikakoma. Safari ilikuwa imenyimwa kwa muda mfupi tu, ilikuwa bado ya moto. Wilkista alivuta kamba ya kiatu, akawasha. Pijo halikukohoa.

Kitanda kilikuwepo. Mtoto alizaliwa kabla ya saa za kuona wagonjwa, msichana, na yeye na mamake walikuwa wazima vile watu walio hai wanavyokuwa wazima, wakilia na kudai chakula. Kwa kuwa amezaliwa kiangazi, aliitwa Nasimiyu, maana hilo ndilo jina la wasichana wa kiangazi huko kwao. Hesbon alipopewa habari alileta sabuni ya kipande.

Jumapili Bramwel alisimama kanisani kutoa shukrani. Alimshukuru Mungu, akamshukuru marehemu kaka yake, akajishukuru kidogo na yeye, kwa kulitunza gari vizuri mpaka likafaa siku ya shida. Kwaya iliimba. Aliporudi nyumbani alilifunika turubai upya na kuongeza kamba, maana gari, alisema, si kitu cha kuguswa ovyo.

Gari ni lake mpaka leo, ukoo ulikwisha kukaa na haukai mara mbili. Wilkista hutembea kwa miguu mpaka Chwele, ufunguo ukimgongagonga kifuani. Tundu la ua limepanuka kidogo. Mchana, watu wengine wakisikiliza redio, yeye huacha yake imezimwa.

Juma lililopita ilikuwa karibu na saa sita, jua kali, Bramwel amelala kwenye kiti cha kamba na gazeti usoni. Ng'ambo ya ua kitu kiligonga mara tatu, kikanyamaza. Wilkista aliweka ungo chini, akajifuta mikono kwenye leso, akaenda kuchukua koti.

"Karibu," aliitika akiwa njiani.